Mshumaa wa Ghala la Mvinyo

Kama wewe na mwenzako mmepanga kwenda mashamba ya zabibu mwisho wa juma, kuonja mvinyo na kula vizuri, nendeni. Sikatazi. Mimi si wa kuwanyima watu raha yao. Ila soma kwanza haya, halafu msomee na mwenzako, hasa kama ni mtu wa mizaha kama alivyokuwa mume wangu.

Safari ilikuwa zawadi ya binti yetu mkubwa. Tulikuwa tumetimiza miaka ishirini na miwili ya ndoa, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kulala nje ya nyumba yetu pamoja ila kwa msiba. Mume wangu alikuwa fundi viatu. Siku zake zote aliziinamia soli za watu. Binti akasema, "Mama, siku mbili tu. Wadogo zangu nitabaki nao mimi."

Nikaanza maswali yangu. Nani atamkumbusha kitindamimba dawa yake ya kifua? Nani atahakikisha jiko limezimwa?

"Mwacheni," baba yao akasema. "Huyu hata akifika mbinguni atauliza nani kabaki kuangalia jiko."

Ni kweli, mimi ni mwoga, na woga wangu mkubwa ni moto. Nilipokuwa msichana nyumba ya jirani iliungua kwa mshumaa mmoja ulioachwa dirishani, na waliokuwa ndani tuliwasikia. Tangu hapo siwezi kupita kwenye moto usio na mtu. Nauzima. Mkono hutangulia, akili hufuata nyuma. Mara nyingine nimezima jiko la watu, chakula kikiwa kibichi, nikaulizwa, nikakana kwa moyo mmoja, kumbe ni mimi. Mume wangu alikuwa akinicheka kwa hilo, na mimi nilikuwa nikimwacha acheke.

Tulifika Jumamosi kabla ya adhuhuri. Shamba lilikuwa dogo, nyumba ya mawe, ua katikati, mizabibu imepanda mlima kwa mistari kama nywele zilizosukwa. Mwenye shamba alikuwa mama mmoja mjane ambaye kila mtu alimwita Shangazi. Mikono yake ilikuwa ya zambarau mpaka kwenye viwiko, maana walikuwa wamemaliza kuvuna juzi yake. Wageni wengine walikuwa wawili tu, bwana na bibi harusi wa wiki moja, wanaoshikana mikono hata wakila.

Shangazi alitupangia glasi mezani, akatufundisha kunusa, kuzungusha, kuonja, halafu kutema kwenye ndoo.

"Kutema?" mume wangu akashtuka. "Shangazi, mimi nimelelewa kwa adabu. Cha mtu hakitemwi."

"Basi utameza glasi tisa, mke wako akubebe."

"Ananibeba tangu tuoane. Muulize mgongo wake."

Tulicheka. Palikuwa na mkate wa moto, jibini, nyama iliyookwa na vitunguu vizima. Nilimtazama mume wangu, mashavu yanang'aa, nikajiona nina bahati. Nakumbuka niliogopa hapo hapo, kama ninavyoogopa nikiwa na furaha, lakini niliogopa barabara ya kurudi. Niliogopa kitindamimba. Sikuogopa pale tulipokuwa.

Baada ya kula Shangazi alitupeleka kuona ghala la chini. Ni chumba kirefu kilichochimbwa ardhini, unashuka ngazi kumi na mbili za mawe. Mapipa yamelala pande zote mbili, na ukitega sikio unasikia mvinyo mpya ukichemka ndani yake polepole bila moto, kama watu wengi wananong'ona. Harufu ni tamu, nzito, inaingia kwenye nguo. Lile gauni nimelifua sijui mara ngapi. Nimeligawa. Harufu bado naisikia.

Wenzangu walitangulia kupanda. Mimi nilikuwa wa mwisho, nashika ukuta. Chini kabisa, juu ya kigoda, nikaona mshumaa mnene unawaka peke yake karibu na mapipa ya mbao. Mbao, na mshumaa, na hakuna mtu. Mkono ukatangulia. Nikauzima, nikapanda.

Hatukuwa tumefika hata nusu ya ua pale Shangazi alipogeuka kufunga mlango, akachungulia chini, akapiga mayowe. "Tokeni! Wote tokeni! Kaeni mbali na mlango!" Alimsukuma bibi harusi mpaka nusura aanguke, akakimbilia kwenye swichi ya feni kubwa, akakimbia tena kufungua lango la pili upande wa bondeni. Uso wake ulikuwa umegeuka majivu.

Niliinua mkono kama mwanafunzi. "Shangazi, mshumaa... ni mimi. Nimeuzima mimi."

Alikaa chini palepale kwenye mawe. Alipopata pumzi akatueleza. Zabibu zikichachuka hutoa hewa. Haina rangi, huioni, na ni nzito, hulala sakafuni kama maji kwenye beseni. Ikijaa, mshumaa unakosa pumzi, unazimika, na mtu anayeshuka anafuata njia ya mshumaa. Kwa hiyo mshumaa ule huwaka usiku na mchana wakati wa mvinyo mpya, na kila asubuhi yeye huutazama akiwa mlangoni kabla ya kutia mguu.

"Ukizimika, hashuki mtu," alisema. "Wanaokufa zaidi ni wanaomfuata aliyeanguka. Mmoja anaanguka, wa pili anakwenda kumtoa, wa tatu anakwenda kuwatoa wawili."

Ndipo mume wangu, ambaye hakuweza kuvumilia ukimya hata kanisani, akasema, "Shangazi, wewe una bahati. Wenzako wakiungua wanapiga simu. Wewe umeletewa Zimamoto mpaka nyumbani!"

Wote walipasuka kwa kicheko, Shangazi naye, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Jina likanikaa. Jioni mezani bwana harusi alificha mshumaa chini ya leso kila nilipopita. "Zimamoto anakuja, ficheni!" Mshumaa wa ghala uliwashwa tena, na kila aliyeutaja alicheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tangu jioni ile, mshumaa uliozimika haukuwa hatari tena kwa yeyote pale. Ulikuwa kichekesho changu. Hilo ndilo nililolifanya, na ndilo nataka ulielewe.

Usiku umeme ulikatika na feni ya ghala ikasimama. Tulikuwa tumelala, hakuna aliyejua.

Asubuhi ya Jumapili tulikuwa tunangoja chai kisha tuondoke. Shangazi alikuwa jikoni akitoa mkate. Mimi na mume wangu tulikuwa uani. Alitaka kuliona kwa mara ya mwisho pipa ambalo Shangazi alimruhusu aliandike kwa chaki mwaka wa ndoa yetu. Akafungua mlango wa ghala, akachungulia, akaanza kucheka.

"Zimamoto! Umeamka alfajiri kuja kuzima tena?"

"Sikuzima."

"Ndivyo ulivyosema kwa wifi yako juu ya sufuria la maharage."

"Haki ya Mungu, baba watoto, sijagusa."

"Basi mshumaa umekuogopa, umejizima wenyewe ulipokusikia unakohoa." Akatoa kiberiti chake cha gesi mfukoni. "Ngoja niuwashe kabla Shangazi hajaona. Akianza mayowe yake chai tutainywa saa nne."

Alikwenda kunifichia aibu. Hakwenda kwa ulevi, kama walivyosema baadhi ya watu msibani. Alikuwa hajanywa hata maji.

Nami sikumshika. Sheria niliijua, nilikuwa nimeisikia jana yake kwa masikio haya mawili. Lakini alfajiri nilikuwa nimeamka kwenda msalani, na njia hupita mlango ule. Nikajiuliza, je, ikiwa ni mimi kweli? Nimeshakana mara ngapi, kumbe ni mimi? Nikajiamini nusu. Nusu hiyo ilimtosha kushuka ngazi kumi na mbili.

Nikamsikia akibofya kiberiti. Mara moja, mara tatu. Kisha sauti yake, bado ina kicheko ndani yake:

"Hiki hakiwaki. Mama watoto, niletee kile cha njiti, kiko mezani."

Nikaenda. Nilikwenda haraka, kama mke mwema. Nikakichukua, nikarudi, nikashuka ngazi tatu. Nilimwona amekaa kwenye ngazi ya mwisho, ameegemea ukuta, kama alivyokuwa akikaa jioni baada ya kazi.

"Acha mchezo," nikamwambia. "Baba watoto, acha."

Akateleza taratibu, akalala ubavu. Kigoda kikaanguka.

Sijui nilipiga kelele gani. Shangazi alitokea, akanikamata nguo kwa nyuma, akanivuta mpaka juu. "Usishuke! Unanisikia? Usishuke!" Halafu akaniachia, akakimbia kwenda kuwasha jenereta ya feni na kufungua lango la bondeni, ambalo lilikuwa mbali, kuzunguka nyumba nzima. Bwana harusi alikuja mbio akitaka kuingia. Mkewe alimkumbatia kiunoni, akajitupa chini naye, wakawa wanagaragara uani, yeye akilia, "Huendi! Huendi! Niue kwanza!"

Feni ilipoanza, na hewa ikapita, na Shangazi akaridhika na mshumaa mpya aliouteremsha kwa kamba, walimtoa. Alikuwa bado ana joto. Mganga wa zahanati alifika, akamsikiliza kifua, akakunja vifaa vyake.

Watu husema ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo. Kinga ilikuwa juu ya kigoda, inawaka, na mimi niliigeuza mchezo.

Kwa hiyo nakuonya. Ukifika mahali pa kazi ya watu, ukakuta alama yao, hata kama ni kamba, kitambaa au mshumaa, usiiguse kabla ya kuuliza. Ukiwa umeigusa kwa bahati mbaya, usikubali waicheke. Kasirika. Haribu karamu. Waseme mwenzako ameoa mwanamke mkorofi. Na mwenzako akianguka mahali ambapo mshumaa hauwaki, usimfuate.

Hili la mwisho ndilo zito, na nimelizunguka tangu nianze kuandika.

Msibani hadithi ilikwenda hivi: Zimamoto alitaka kumfuata mumewe, Shangazi akamshika mpaka msaada ukafika. Mama mkwe alinishika mikono akasema, "Mungu ambariki yule aliyekushika, wajukuu wangu wasingekuwa na mtu." Nami nikainamisha kichwa. Binti yangu mkubwa, aliyetununulia safari, amejipa adhabu yake mwenyewe, hali vizuri, na kinachomtuliza ni hicho kimoja, kwamba mama alipigana, kwamba mama alizuiwa.

Shangazi alinishika kwa muda wa kunivuta ngazi tatu. Baada ya hapo nilisimama mlangoni peke yangu, na mlango ulikuwa wazi. Niliiona soli ya kiatu chake, soli aliyoishona mwenyewe kwa uzi mweupe. Nilimsikia akikoroma mara mbili. Nikamfikiria kitindamimba na dawa yake ya kifua. Nikayafikiria maneno ya jana, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikabaki nimesimama, kiberiti mkononi, mpaka akanyamaza.

Mganga aliniambia ningeshuka yangekuwa majeneza mawili. Najua. Alisema nilifanya sawa. Najua. Lakini nyumba yetu haina chumba cha chini, sakafu yake imekaa juu ya udongo mtupu, na asubuhi nyingi, kabla watoto hawajaamka, namsikia chini ya miguu yangu akiniita nimpelekee njiti. Hana hasira. Bado anacheka. Nami nasimama palepale nilipo, siitiki, mpaka anyamaze.

Binti yangu, karatasi hii nitakupa wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyenishika. Nilikuwa nataka kurudi kwenu.