Kijenzi cha Rangi

Asubuhi, mwanamke waliyemwita Mama Violezo aliwasha kompyuta katika chumba cha maandalizi cha kiwanda cha uchapaji, akasogeza chai mbali na kibodi, akatazama kazi zilizoingia: kalenda, lebo za dawa ya kikohozi, kitabu cha hesabu cha watoto. Kila kazi aliipitisha kwenye kiolezo chake, na ndani ya kiolezo vijenzi, vile vipande vidogo vya programu, vilifanya kazi vyenyewe. Kimoja kilikagua herufi, kingine kilipanga kurasa, kingine kilisahihisha rangi.

Hicho cha rangi kilifundishwa na mumewe. Alikuwa fundi rangi pale tangu ujana wake. Wakubwa wa kiwanda walimkalisha mbele ya skrini asahihishe picha huku programu ikimtazama, na ilipohitimu wakampa mkono wa kwaheri. Alipofika nyumbani alikuta mapazia ni ya kijivu, nyanya ni za kijivu, na mkewe vilevile.

Daktari wa macho hakushangaa.

"Macho hayana kosa, mzee. Rangi zako zimebaki kazini. Jirani yangu alikuwa karani wa hesabu. Siku hizi akihesabu wanawe, hamfikii kitinda mimba."

Akamwandikia dawa ya matone, maana mgonjwa akirudi mikono mitupu hunung'unika.

Fundi alizoea. Alivaa soksi zisizofanana na kuchagua nyanya kwa kuzibonyeza. Kisha binti yao, ambaye mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, akajifungua salama. Fundi alimpakata mjukuu kwa muda mrefu.

"Mzuri," alisema. "Lakini namwona kama picha ya kitambulisho." Akamgeukia mkewe. "Mama, programu si iko mikononi mwako? Nifungulie kidogo tu, nimwone."

Kesho yake, wenzake walipokwenda kula, Mama Violezo alifungua violezo vyote, kimoja baada ya kingine, akakiondoa kijenzi cha rangi. Kisha akapiga simu nyumbani.

"Baba yuko naye dirishani," alisema binti.

Sauti ya fundi ikaingia. "Mama, ana rangi ya waridi ndani ya viganja. Na ncha za masikio zimekolea kuliko uso. Huyu atakuwa mweusi wa kung'aa, kama marehemu mama yangu." Akaanza kucheka, kisha kicheko kikamgeuka kilio.

Huko mashineni lebo za dawa zilikuwa zikitoka na rangi ya tope. Meneja akaja, akasimama nyuma yake.

"Kirudishe, Mama Violezo."

"Kidogo tu, bosi. Anamwona mjukuu wake."

"Namwonea huruma mzee wa watu, wallahi. Lakini kazi haingoji."

Hakuwa mtu mbaya. Alisubiri mpaka fundi alipomaliza kueleza kope. Ndipo Mama Violezo akakirudisha kijenzi.

"Ah," fundi alisema kwenye simu. "Zimekwenda. Ahsante, mke wangu."

Baadaye Mama Violezo alijaribu tena kwa siri kukiondoa, na nyumbani hakuna rangi iliyorudi. Akawapigia simu watengenezaji wa programu. Kijana mwenye adabu alimweleza kwamba siku hizi chache kijenzi kile kimeshauzwa kwa viwanda vingi, nchi nyingi. Kukiondoa mahali pamoja ni kama kuchota kikombe mtoni.

"Wateja wanakisifu sana," alisema. "Mpe pole mzee."

Haukupita muda, meneja akamletea kiti kipya chenye mto. Programu ingeanza kumtazama yeye, ijifunze kusimamia violezo.

"Na mimi nitapoteza nini?" aliuliza.

"Hilo hujulikana baadaye," alisema meneja kwa upole, akamvutia kiti.

Mama Violezo alikaa. Kabla ya kuanza alipiga simu nyumbani, akazungumza na mumewe, akazungumza na binti yake, akaomba simu iwekwe karibu na mtoto amsikie anavyopumua. Alitaka kuaga, lakini hakujua aage nini.