Jicho la Sonara

Kaushik alikuwa ameshamwambia mchumba wake, Pinky, kwamba Jumamosi ijayo atashindana kulenga shabaha huko Shinyanga. Pinky naye, kama walivyo wachumba, alikuwa ameshawatangazia shangazi zake wote. Kilikuwa kimebaki kitu kidogo tu: Kaushik ajue kulenga.

Klabu yao ilifanyia mazoezi kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nje kidogo ya mji wa Geita. Mwalimu alikuwa Afande Chacha, mstaafu, mtu ambaye hata akiomba chumvi unajikuta umesimama wima. Asubuhi hiyo alitoa neno: asiyetia risasi nne kati ya tano ndani ya duara jeusi la karatasi yake, Shinyanga ataisikia kwa jirani.

“Bastola mbele ya jicho la kulia,” alifoka kutoka nyuma ya mgongo wa Kaushik, mahali pake pa siku zote. “Fumba jicho moja. Tazama ncha ya mbele, siyo karatasi. Shika pumzi. Vuta taratibu, kama unamkamua mbuzi wa mkwe.”

Mkono wa Kaushik haukutikisika hata chembe. Yeye ni sonara wa mtaa wa Kalangalala, hapo Geita mjini, mtoto wa sonara, amekua akichomelea mikufu myembamba kama unywele. Na pumzi ndiyo usiseme, maana kwenye mizani ya dhahabu ukipumua vibaya mteja anajua unamwibia.

“Ncha unaiona, mura?” Chacha aliuliza; kwa Kikurya chake kila kijana ni mura.

“Naiona, Afande.”

“Achia!”

Karatasi yake ilirudi safi kama shuka la gesti mpya. Ya Scolastika, mlinzi wa mgodini aliyesimama kushoto kwake, ilirudi na matundu tisa.

“Scola, nilikupa risasi tano,” Chacha alisema, akihesabu upya kwa kidole. “Hizi nne umezizaa lini?”

“Afande, hizo za Kaushik. Zimekuja kuposa.”

Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Kaushik alisogea akayatazama yale matundu manne. Yalikuwa yamebanana pamoja kama wadokozi waliofumaniwa. Mtu anakosaje kwa usahihi namna hii? Angekuwa anatapanya huku na huku, angejiita mgeni wa kazi. Lakini alilenga kwake, akapiga kwa jirani, tena kwa nidhamu.

Ushauri ukamiminika. Huyu asimame upande, yule akaze kiwiko. Kaushik akautii wote kwa pamoja, akasimama kama mtu anayevaa suruali ndani ya basi. Safari hii zote tano zikaenda kwa Scolastika.

“Bastola imepinda,” alisema kwa uchungu.

Scolastika akaichukua ileile, akalenga, akatoboa katikati ya duara. Basi, kama bastola imenyooka na mkono umenyooka, labda ni Geita yenyewe iliyopinda. Kichwani mwake Kaushik alimwona Pinky, pembeni shangazi wamejipanga na marinda yao, na karatasi inarudi nyeupe pee.

Wakati wa chai Scolastika alivua hereni moja. “Sonara, bastola imekushinda, basi nitazamie hii. Kuna kijana wa Chato kaniapia ni dhahabu.”

Kaushik alichomoa lenzi yake mfukoni, akaibana kwenye jicho la kushoto. La kulia likajifumba lenyewe, kama duka saa ya swala.

“Shaba, dada Scola. Pole.”

Scolastika hata hakuisikia ile pole. “Hebu ngoja. Ukilenga unafumba jicho lipi?”

“Hili hapa.”

“La kulia? Hilohilo lililowekewa bastola mbele yake?”

“Si Afande kasema moja!”

Chacha aliweka kikombe chini. “Mura, miaka yote hii kila mtu anafumba la kushoto.”

“La kushoto ndilo linalonilisha, Afande.”

Wakarudi mstarini. Kaushik akajaribu kufumba la kushoto, lakini jicho la kulia, lililozoea kusindikiza tu, lilimwonyesha ukungu na ncha mbili. Akalifumbua lile, akafumba hili, akafumba yote.

“Basi!” Chacha akamshika kifundo, akaisogeza bastola kidogo mpaka mbele ya jicho la kushoto. “Mfuate fundi anakofanyia kazi.”

Ndipo Kaushik alipoiona ncha ya mbele imetulia katikati ya kijifereji cha kulengea kilicho nyuma ya bastola, kama kito kwenye pete.

“Kumbe nyuma kuna mfereji!”

“Ulikuwa unatazama nini siku zote?” Chacha aliuliza kwa sauti ya mgonjwa.

Risasi nne ziliingia kwenye duara jeusi. Ya tano ilipaa juu kidogo, lakini ilibaki kwenye karatasi yake. Scolastika alikimbilia kwanza kuhesabu ya kwake. “Tano! Tano tupu, jamani!”

Kaushik akampigia Pinky simu palepale, sauti kubwa, kila mtu anasikia.

“Nimepita!”

“Najua, wewe tena! Sasa mimi na shangazi tukae upande gani, tukuone vizuri?”

Kaushik akatazama kushoto, akatazama kulia. Akafumba jicho hili, akafumba lile. Scolastika akampokonya simu.

“Wifi, kaeni nyuma,” alisema. “Nyuma kabisa.”