Kioo cha Minazi

Watu wa Chumbageni walishamchoka Nasri na mashine zake. Akisikia klabu ya zamani ya mashamba ya mkonge inafungwa, au baa ya mabaharia inabomolewa, huyo, mbio na mkokoteni, kwenda kuokota zile meza za mchezo wa gololi za chuma ambazo vijana wa leo hawazijui hata jina. Taa zimekufa, kengele hazilii, lakini kioo cha mbele kimechorwa minazi, bahari na visiwa ambavyo hakuna aliyewahi kuvifikia. Alizitoa matumbo, akazigeuza meza na makabati, na wenye hoteli za Pangani wakazigombea.

Kioo kimoja hakukiuza. Kilikuwa na minazi na wanawake wa visiwani wenye mashada ya maua shingoni, vifua wazi. Alikipachika kwenye mlango wa kabati la dawa chumbani kwa mama yake, Bi Semeni, naye mama wa watu akawacheka, akasema kumbe huko kwao hakuna baridi.

Maradhi yalipomlaza hakucheka tena. Mchana kutwa alitazamana na wale wanawake, mpaka akawa haogopi kifo bali chumba chake mwenyewe. Malaika wa rehema hawaingii penye picha kama ile, akasema, na yeye hataki kuondoka peke yake.

"Kivunje, mwanangu. Usikiuze, wala usikifiche. Kivunje."

Nasri akakitoa hadi uani, akashika nyundo. Akakitazama. Rangi zile hazikuwa na mfano, na hakuna fundi aliye hai ambaye angezirudisha. Mkono ukawa mzito. Basi akavunja kioo kibovu cha dirisha, kwa kishindo, ili mama asikie, na kile cha minazi akakifunga ndani ya gunia. Karakana haikuwa na kufuli, na chumba chake kilijaa vyuma hadi mlangoni. Mama aliposinzia, akakisukuma chini ya kitanda cha mama huyo huyo, mahali pekee ambapo hakuna ambaye angekikanyaga. Ndiyo akili aliyoiona ya maana siku ile.

Bi Semeni alipoamka akamuuliza kama kweli amekivunja.

"Wallahi nimekivunja, mama."

Mama akamshika kichwa, akamwombea dua ndefu. Akasema chumba kimekuwa chepesi, na kwamba amemwachia radhi zake, duniani na akhera. Alfajiri akafariki.

Mama yake mdogo, Mwamvua, aliingia na wanawake wa kuosha maiti, wakasogeza kitanda ili wapate nafasi. Baada ya muda akatoka, akamvuta Nasri kando. Hakupandisha sauti.

"Tumekiona. Jana alinambia, mwanangu kakivunja kwa ajili yangu."

Akarudi ndani kumkosha dada yake.

Barazani wanaume walikuwa wakimpa Nasri mkono mmoja mmoja, wakimwambia heri yake, mama kaondoka akiwa radhi naye. Aliitikia amina. Radhi ile alipewa mwana aliyevunja kioo. Yeye hakukivunja, na wa kumwomba nyingine alikuwa anavishwa sanda.