Meza ya Mabawa Mawili

Haya, kitendawili! Kuku wangu hatagi wala hachinjwi, lakini akikunjua mabawa watu wanakula. Umeshindwa? Basi nipe mji, nikuambie: ni meza aliyotengeneza Kitonga, fundi wa Kathiani, mwaka ule wa 2003.

Ilikuwa ya Peris, bintiye wa pekee, mshonaji kiwandani huko EPZ Athi River. Tangu wamzike mama yake, marehemu Kalekye, Peris hakukanyaga nyumbani miaka miwili mizima, na baba hakujua amemkosea nini. Siku alipopiga simu kuomba meza ndogo ya kukunja, mzee akauliza swali la fundi:

"Mnakula wangapi hapo? Nijue ni bawa moja au mawili."

"Baba, krediti inaisha." Simu ikakatika.

Kitonga akaranda mbao, akakata mabawa mawili, akabeba vipande akaviungie huko huko.

Chumba kilikuwa kimoja, kitanda nyuma ya pazia. Peris alimkaribisha upesi upesi, akachukua ndoo, akaenda mferejini. Mzee akapiga magoti, akafunga bawaba kwa skrubu. Bawa la kulia likainuka vizuri. La kushoto, mguu wake ulikwama. Akaliacha lining'inie, akainua nyundo augonge.

"Kalekye!" Peris akapiga kelele mlangoni. "Kalekye, toka hapo chini!"

Nyundo ikaganda hewani. Mtu na akili zake anamwita mama yake mzazi hivyo, kama anafukuza kuku? Na mama mwenyewe yuko kaburini!

Bawa likatikisika. Chini yake vikatokea vidole, kisha kichwa cha katoto ka kike, ka mwaka mmoja na kitu, mdomo umejaa vumbi la mbao. Paji lile lile la marehemu.

Nyundo ikamponyoka Kitonga. "Aiya!"

Kwa desturi yao, msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya wa upande wa baba. Huyu alipewa la upande wa mama. Basi hakukuwa na mume, wala mbuzi wa mahari wa kuletwa.

"Siku ya mazishi nilikuwa naye tumboni," Peris akasema, maji ya ndoo yamemmwagikia miguuni. "Niliogopa utanifukuza."

Kitonga akainua bawa la kushoto. Safari hii mguu ukaingia.

"Lile swali la simu," akasema, "mpaka leo hujanijibu."

Peris akampangusa mtoto mdomo.

"Tuko wawili, Baba. Ukikaa, watatu."