Mahali Moto Ulipokoma

Benitha hakuupenda msitu ule tangu siku alipoolewa Songambele. Ulikuwa bondeni, nyuma ya kibanja, shamba la migomba na mibuni la mume wake, na watu wa ukoo waliuita Kibira tu, yaani msitu kwa Kinyambo, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Kwao alikozaliwa, upande wa Kaisho, vilima vilikuwa vimelimwa hadi juu, na mtu akisimama mlangoni aliona nyumba za majirani zote. Hapa alipanda mahindi, tumbili wakavuna. Maharage yaliyokuwa karibu na miti yalichelewa kuona jua, nguo hazikukauka vizuri, na asubuhi ukungu ulitoka bondeni ukaingia hadi jikoni.

Kwa hiyo mume wake Nolasco na kaka yake Gaudiosus walipoita ukoo ili Kibira kigawanywe, kifyekwe na kulimwa, Benitha aliwapikia wageni kwa moyo mweupe. Watoto walikuwa wanaongezeka na mashamba yalikuwa yale yale. Aliyepinga alikuwa mmoja, Sperancia, dada wa baba yao, ambaye aliachika zamani akarudi kwao na kujengewa nyumba upande wa chini wa bonde. Katika kugawa walimruka. Alisimama akasema kwamba baba yake hakuzaa wanaume peke yao, kwamba sehemu ya chini yenye chemchemi ni yake, na atakayepeleka panga huko atamkuta amekaa. Shauri lilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji, likarudi, na mwishowe wakamwachia kwa kuchoka. Sehemu ya juu, iliyokuwa kubwa zaidi, ikawa ya Nolasco na Gaudiosus.

Waliifyeka yote. Miti mikubwa ya misizi ilichanwa mbao, iliyobaki ikawa mkaa, na matawi yakaachwa yakauke pale pale. Msimu wa kwanza maharage yalizaa hadi Benitha akakosa mahali pa kuyaanika. Msimu wa pili yalizaa kiasi. Msimu wa tatu mvua ilishuka kutoka mlimani bila kitu cha kuizuia, ikachimba korongo katikati ya shamba na kuzika mibuni michanga kwa tope. Nolasco alisema ni mwaka mbaya, na Benitha akakubali.

Kila kiangazi kulikuwa na mtu wa kuwasha moto kwenye rweya, yale majani ya mlimani, ili ng'ombe wapate chipukizi. Benitha alikuwa ameuona moto huo miaka yote ya ndoa yake kabla Kibira hakijafyekwa. Ulishuka mteremko hadi kwenye miti, ukafa. Hakuwahi kujiuliza kwa nini, kama mtu asivyojiuliza kwa nini ukuta unasimama.

Mwaka ule, siku moja ya Julai, Nolasco na Gaudiosus walikwenda kwenye msiba Kaisho. Watoto walikuwa shuleni. Benitha alibaki na baba mkwe wake, mzee Ainebyona, aliyekuwa amepigwa na kiharusi, asiyeweza kusimama. Kumwogesha na kumgeuza kitandani ilikuwa kazi ya Nolasco, kwa sababu kwa desturi yao mkaza mwana na baba mkwe hawagusani. Benitha alikuwa akimwekea chakula kwenye kigoda kando ya kitanda, kisha anatoka. Hata mkono hawakuwahi kupeana.

Mchana alisikia mlio kama wa mvua kubwa juu ya bati. Alipotoka nje aliona moshi umefunika mlima. Upepo ulikuwa unausukuma moto chini, na ulipofika mahali palipokuwa na msitu haukusimama. Ulikuta mabua ya mahindi, visiki na matawi makavu, ndimi zake zikapanda juu kuliko zilivyokuwa kwenye rweya. Benitha alimwaga ndoo mbili za maji kwenye ukingo wa kibanja kabla ya kuona kwamba anafanya upuuzi. Nyasi walizotandaza chini ya migomba zilikuwa kavu, na moto ulikuwa umeshaanza kuzila. Njia ya kwenda kwa majirani ilipanda juu, ndani ya moshi. Palibaki bondeni tu.

Aliingia chumbani kwa mzee.

"Baba, nisamehe," alisema. "Nitakubeba."

Mzee alitikisa kichwa. Maneno yake yalitoka kwa shida upande mmoja wa mdomo. "Niache mimi. Nenda, una watoto."

Benitha alipiga magoti kando ya kitanda. Alimkalisha, akampa mgongo, akamfunga kwa kitenge kama mtu anavyomfunga mtoto, akainuka. Mzee alikuwa amekonda kuliko Benitha alivyodhani. Akiwa anatoka mlangoni alihisi ule mkono wake mzima ukimshika begani kwa nguvu.

Alishuka mbio kati ya migomba, cheche zikimpita. Sperancia alikuwa amesimama ukingoni mwa miti yake, amekwisha kufungulia mbuzi. Alimshika mzee miguu, wakaingia wote watatu.

Jambo la kwanza ambalo Benitha alilitambua ni baridi. Hatua chache nyuma yake hewa ilikuwa inaunguza koo, lakini humu miguu ilizama kwenye majani yaliyooza, yenye maji kama kitambaa kilichotoka kufuliwa, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Mashina yalikuwa na ukoga wa kijani wenye unyevu. Walimlaza mzee kando ya chemchemi, na Benitha akamnywesha maji kwa jani.

Kisha moto ukafika. Waliusikia ukila magugu ya pembeni, wakaona majani ya nje yakijikunja na kuwa meusi. Moshi mzito mweupe ulitoka pale unyevu ulipokutana na joto, na mlio ukapungua. Moto ulitafuta njia upande huu na upande ule, haukupata kitu kikavu cha kushika. Juu yao tumbili walikuwa wamekaa kimya kwenye matawi, na pongo mmoja alikuwa amesimama karibu na mbuzi bila kuwajali.

Walipoona moto umezimika, Benitha alimgeukia Sperancia. "Shangazi, wewe ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba moto hauingii humu."

Sperancia alifikiri kidogo. "Sikujua," alisema. "Mimi nilikasirika tu kwamba mmeniruka."

Wanaume walirudi jioni wakakuta kuta nyeusi na kibanja kimeteketea, migomba na mibuni. Nolasco alipoelezwa baba yake alivyoletwa bondeni, aliinamisha macho, na mmoja wa wazee waliokuja kuwapa pole akauliza kwa upole desturi ya kuwatakasa waliogusana itakuwaje. Ainebyona mwenyewe ndiye aliyejibu.

"Aliyenibeba ni binti yangu," alisema. "Hakuna cha kutakasa."

Wakati wa kujenga upya, ndugu wale wawili walitofautiana. Gaudiosus alitaka sehemu yote iliyoungua ipandwe mikaratusi, kwa kuwa inakua haraka na nguzo zake zina soko. Nolasco alisita. Alikuwa amekwenda na mkewe kwenye mpaka wa sehemu ya Sperancia wakachimba kwa jembe pande zote mbili. Upande wa miti udongo ulishikana mkononi. Upande wao, jembe liliruka.

Katika kikao cha ukoo Benitha aliomba kusema. "Pale tumevuna vizuri msimu mmoja," alisema. "Kabla ya hapo palituzuilia moto kila mwaka, na pakatupa maji, na hatukuwahi kupanda chochote. Sehemu yetu tutaiacha iote yenyewe."

"Na watoto wako watakula ukungu?" Gaudiosus aliuliza.

"Watakula ndizi. Ndizi zinataka huo ukungu."

Gaudiosus hakushawishika, akapanda mikaratusi yake. Sehemu ya Benitha ilianza kwa magugu na miiba, na watu waliopita njiani walisema ni uvivu. Ndege walileta mbegu za misizi. Korongo lilijaa majani likaacha kupanuka. Tumbili walirudi, na Benitha aliwachukia kama zamani, akahamishia mahindi yake karibu na barabara.

Mikaratusi ilirefuka upesi kuliko vyote. Lakini kiangazi kilipokaza, kisima alichochimba Gaudiosus chini yake kilibaki na tope, na mke wake Adelgunda akawa anateka maji kwenye chemchemi ya Sperancia. Hakuna aliyemsema. Gaudiosus naye hakusema kwamba alikosea.

Mvua za vuli zilizofuata, Adelgunda alikuja kwa Benitha na salamu za mume wake. Kulikuwa na kipande kando ya kisima ambapo Gaudiosus alikuwa ameng'oa mikaratusi, na alikuwa anauliza kama kuna miche ya misizi inayoweza kuhamishwa. Benitha alichukua jembe, akaingia vichakani, akaing'oa michache pamoja na udongo wake, akaifunga kwa maganda ya mgomba. Kisha wakaibeba wote wawili.