Goti la Mkuu wa Barafu

Miaka yote niliyoolewa na Wytze sijawahi kumwomba Mungu aizuie baridi. Mwaka huu nilimwomba, wala hakunisikia. Mfereji wa kijiji chetu uliganda mume wangu akiwa bado anatembelea magongo.

Gegedu la goti lake la kulia lilikuwa limelika, mfupa unasaga mfupa. Daktari aliliziba tundu kwa jeli laini iliyojaa maji, ili gegedu jipya liote ndani yake. "Usiukanyagie mguu huu mpaka wiki sita zipite," alimwonya. "Ukiusimamia mapema jeli itang'oka, na hapo litabaki goti la bandia." Wytze aliitikia kama mtoto mbele ya mwalimu. Lakini siku hiyo hapakuwa na barafu.

Kwetu hakuna anayeingia mferejini kuteleza kwa viatu vya chuma kabla mkuu wa barafu hajaitoboa barafu, akaipima unene na kusema haya, ingieni. Na mkuu wa barafu ni Wytze. Basi akaja jirani yetu Hylke, viatu vya kutelezea vinaning'inia shingoni.

"Mkuu, watu wanakungoja wewe tu. Si unaingia kidogo, unatoka?"

"Kidogo?" nikamrukia. "Goti lako hilo?"

"Shemeji, nimeuliza tu."

"Kaulize kwako."

Nilimwona Wytze akiyatazama magongo yake. Namjua mume wangu: ningempa kisogo tu, angetoka. Hasira zikanipanda, nikaichukua keekee yake ya kutobolea barafu.

"Napima mimi. Wewe utakaa kwenye kiti unielekeze."

Tukamkalisha ukingoni kwenye kiti cha jikoni, mguu umenyooshwa. Shimo la kwanza, barafu nene. La pili, nene vilevile. Watu darajani wakanipigia makofi, nami kichwa kikavimba.

"Tjitske, inatosha! Usiyakaribie matete, hapo ni pembamba!"

"Nani mkuu leo?" nikamjibu, nikasogea tena.

Barafu ililia mara moja tu, nikazama hadi shingoni. Baridi ilinikaba pumzi. Kila nilipoegemea, barafu ilimeguka mikononi mwangu. Nikamwona Wytze ameshika kiti kwa mikono miwili, anajiinua, na wallahi nilichokiogopa wakati ule si kifo.

"Usisimame!" nikapiga kelele. "Wytze, usisimame!"

Hakusimama. Alijitupa chini kwa tumbo, kama tunavyofundishwa sote tangu utotoni ili uzito utandae, akajikokota kwa viwiko huku akisukuma gongo mbele yake. Hylke naye akalala nyuma yake, akamkamata mguu.

"Siyo huo!" Meno yalikuwa yanagongana, sijui sauti niliitoa wapi. "Shika ule mzima, we mwehu!"

"Mzima ni upi?"

"Wa kushoto! Kushoto!"

Akaachia, akashika wa kushoto. Nikalidaka gongo, wakanivuta polepole mpaka ukingoni. Nilitapika maji, kisha nikamtukana Hylke mpaka nikapata joto.

Siku ya kwenda hospitali kupiga picha ya goti sikuweza kukaa kitini. Daktari aliikuza ile picha, akaipunguza, akaikuza tena, nikatamani kumtikisa.

"Jeli ipo mahali pake," akasema mwishowe. "Hukuukanyagia kabisa?"

"Nililala," Wytze akajibu.

Njiani kurudi niliendesha gari huku nacheka na machozi yananitoka. Nikamkumbusha kwamba ni mimi niliyemkataza kusimama. Bila mimi goti lingekuwa limekwisha. Tukafika daraja la kijijini, ambako barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka.

"Mke wangu, wala sikukusikia," akasema. "Nililala kwa sababu ningesimama, barafu ingepasuka, ningekukosa. Goti nililisahau."

Nilisimamisha gari palepale. Mimi, mle majini, nilikuwa siwazi kingine ila hilo goti.