Mashua ya Matumbo Mawili

Hared Keynan hakuwa baharia. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mjini Garissa, na nyumbani kwao kulikuwa kwenye kijiji cha mashamba kando ya mto Tana, juu kidogo ya mji. Mwaka ule mto ulipofurika na kuikata barabara, dadake Abshiro, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa, alikosa kwenda hospitalini kusafishwa damu. Alivimba uso hata macho yakafumbika. Maji yalipopungua alikuwa angali hai, lakini kwa shida. Hared akaapa kwamba mafuriko mengine hayatamkuta mikono mitupu.

Nyuma ya hoteli ya Ogle, ukingoni mwa mto, palikuwa na mashua kuukuu ya tanga: matumbo mawili membamba ya faiba, yameunganishwa kwa mabomba ya alumini, na katikati pametandazwa turubai la kukalia. Mzungu mmoja aliileta kwa lori akinuia kushuka nayo mpaka baharini. Malaria ikamwangusha, akaenda zake, hakurudi.

"Ichukue," Ogle alimwambia. "Kwangu ni banda la kuku tu. Lakini jua limeshaila, Hared. Usipakie roho ya mtu humo."

Aliipeleka kijijini vipande vipande kwa mkokoteni wa punda. Kiangazi chote akawa anahangaika nayo. Gundi ya zamani aliikwangua kwa kisu, ikakatika kama mkate uliochacha. Akafungua bolti zote, akasugua kwa msasa, akapaka silikoni kwenye kila tundu na kwenye mshono mrefu ambapo sitaha hukutana na tumbo. Silikoni yenyewe ilikuwa ya madirisha na vyoo. Ile ya mashua aliiagiza kutoka Mombasa kwa basi, ikafika imegandia ndani ya mrija kwa joto.

Ili kujua panapovuja, alichomeka pampu ya baiskeli kwenye tundu la kutolea maji na kupuliza taratibu, huku Abshiro akipaka povu la sabuni juu ya mishono. Palipotoka mapovu ndipo palipovuja.

"Hapa," Abshiro alisema. "Na hapa. Hapa tena, aboowe," akamwita kaka kwa Kisomali.

"Hapo si tuliziba jana?"

"Tuliziba. Pamefunguka kando yake."

Chini ya tumbo la kushoto faiba ilikuwa imelainika, ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea kama papai bivu. Hared aliibandika kitambaa na resini, gundi ya faiba, tabaka juu ya tabaka.

"Itashika?" Abshiro aliuliza.

"Inshallah," akajibu, akainama kutafuta msasa ambao hakuuhitaji.

Mvua zikaja, mto ukapanda, barabara ikazama. Hared akasimamisha mlingoti. Siku ya kwanza walishuka juu ya mashamba yaliyofunikwa, vilele vya migomba vikipita chini yao, na wakafika mjini. Abshiro akasafishwa damu. Jioni haijaingia upepo ukawasukuma kurudi, matumbo yote mawili makavu, na Abshiro akacheka kwa sauti, jambo ambalo Hared alikuwa amelisahau.

Safari ya pili, mnara wa msikiti wa mjini ulikuwa ukionekana kwa mbali Abshiro alipohisi maji mguuni.

"Hared, upande wangu unazama."

Kitambaa cha resini kilikuwa kimebanduka. Hared alichota maji kwa mtungi wa plastiki uliokatwa, lakini yaliingia mengi kuliko aliyotoa. Mbele yao mkondo mkuu ulikuwa ukivingirisha miti mizima.

"Geuza," Abshiro alisema.

"Tukigeuka hutafika hospitali."

"Tukiendelea hatafika yeyote. Una watoto. Geuza, aboowe."

Akageuza. Karibu na kijiji mashua ikazama kwenye maji ya kifua, akambeba mgongoni hadi nyumbani.

Alipiga simu kila mahali. Boti ya uokoaji ipo, aliambiwa, ila kuna watu juu ya miti, asubiri zamu. Akairudia mashua, akaivuta hadi kwenye tope na kuipindua, akajaribu kuibandika tena. Resini haikukauka kwa unyevu. Ilibaki inanata, ikijaa wadudu.

Abshiro akaanza kuvimba. Asubuhi moja aliomba chai ya maziwa ya ngamia.

"Kidogo," Hared alisema. Kwa miaka daktari alikuwa amempimia maji kwa mafunda, kwa kuwa figo zake hazikuweza kuyatoa.

"Kikombe kizima. Mpaka juu."

Hared alisimama na birika mkononi, kisha akamimina. Abshiro akanywa bila kupumzika, akafuta midomo kwa kitambaa.

"Nilikuwa nimesahau," alisema. "Niongezee."

Akamwongezea. Alifariki siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri. Walimzika kwenye kilima kidogo, mahali pekee pakavu.

Barabara ilipofunguka Hared alipanda lori la vitunguu hadi mjini, akaenda hospitalini kuwaarifu. Kwenye kitanda cha dadake alikuwa amelala mzee asiyemjua, damu ikizunguka kwenye mirija.

"Abshiro yuko wapi?" muuguzi aliuliza. "Tulimngoja."

"Abshiro amekufa."

Muuguzi alivua glavu polepole. "Pole sana. Na wewe umevukaje?"

"Kwa barabara," Hared alisema. "Barabara iko sawa sasa."

Muuguzi akamvutia kiti. Hared hakukaa. Alimtazama yule mzee kitambo, akamwombea shifaa kwa Mungu, akatoka.